Mita inasoma volti 12 lakini taa haiwaki: mwongozo kamili wa kufuatilia waya na kutafuta hitilafu kwenye gari na boti

Kila juma naletewa tatizo lile lile kwa sura tofauti. Mtu kapima kwenye soketi ya taa, mita imesoma volti 12, taa haiwaki. Anabadilisha balbu. Anabadilisha swichi. Anabadilisha relei, ile swichi inayoendeshwa na umeme. Mwisho anavuta waya mpya juu ya ule wa zamani, na mwezi haujaisha anarudi, safari hii na hitilafu mbili.

Wengi wao si wazembe, na mita wanaijua. Wanakosea jambo moja tu: wanaupima waya ukiwa umepumzika, kisha wanaliamini jibu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kosa hilo. Fuata hatua kwa mpangilio hata kama unahisi tayari unajua tatizo liko wapi.

Hapa Mwanza jambo hili si dogo. Hiace ikilala gereji siku nzima kwa sababu ya taa, dereva hana hesabu ya kupeleka kwa tajiri. Na boti ikizimikiwa taa usiku katikati ya ziwa, haionekani na boti nyingine inayokuja kwa kasi. Huko hakuna kuegesha pembeni.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mita ya kidijitali yenye sehemu ya volti, omu, mlio (hulia umeme unapopata njia ya kupita) na ampea 10. Ya bei nafuu inatosha, ila gusanisha ncha zake kwenye omu kwanza. Ikisoma zaidi ya omu 1, nyaya za mita yenyewe ni mbovu.
- Testa ya taa: balbu ya volti 12 wati 5, waya mbili, klipu upande mmoja na ncha kali upande wa pili.
- Balbu ya wati 21 ya indiketa, na nyingine ya wati 55 ya taa kubwa, kila moja ikiwa imeungwa waya mbili zenye klipu. Hizi ndizo mzigo wako wa kupimia, yaani kitu cha kuvuta umeme waya ufanye kazi. Nikiambiwa nichague kati ya balbu hizi na mita ya bei mbaya, nachukua balbu.
- Waya mrefu wa mita 10 wenye klipu pande zote na fyuzi ya ampea 10 katikati. Usiutengeneze bila fyuzi.
- Pini nyembamba au sindano za kushonea, za kuingiza nyuma ya koneta bila kuchubua waya.
- Msasa laini, brashi ya waya, grisi au vaselini.
- Fyuzi za akiba, tamineli za kubana, koleo la kubania, mpira wa kubana kwa joto.
- Kalamu, daftari, tepu ya karatasi ya kuandikia alama, na simu ya kupigia picha.

Daftari nimeliorodhesha kwa makusudi. Fundi anayeshika vipimo kichwani hupima sehemu ile ile mara tatu.

## Tahadhari

Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya na bodi kwa wakati mmoja inawaka nyekundu kabla hujaichomoa kidoleni.

Ukiondoa betri, anza na hasi. Ukirudisha, malizia na hasi. Sababu ni kwamba bodi nzima ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, umepiga shoti kwa mkono wako.

Kwenye boti, kagua mvuke wa petroli kwanza. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini ngamani pamoja na maji machafu. Fungua vifuniko, toa tangi au dumu, acha upepo upite, ndipo uguse tamineli. Cheche moja inatosha.

Usichomeke testa ya taa kwenye waya za kompyuta ya gari, sensa, au koneta za njano za mifuko ya hewa. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko waya hizo zinavyostahimili, na mfuko wa hewa unaweza kulipuka usoni. Waya nene za rangi ya machungwa kwenye magari ya haibridi usiziguse kabisa. Zinabeba mamia ya volti.

Mwisho, hakikisha mfumo wako ni wa volti ngapi. Malori mengi na mabasi ni volti 24. Vipimo vyote hapa chini ni vya volti 12.

## Hatua ya 1: Msikilize mwenye chombo, kisha jionee mwenyewe

Muulize maswali matatu. Lilianza lini? Linatokea muda wote au kwenye rasta na mawimbi tu? Nani aligusa umeme mara ya mwisho, na alifunga nini? Redio mpya, alamu, taa za nyongeza na chaja ya simu vimeniokolea saa nyingi za kutafuta.

Kisha washa kila kitu, kimoja kimoja, uandike kinachofanya kazi na kisichofanya. Vitu viwili vikifa pamoja, tafuta mahali vinapochangia: fyuzi moja, waya mmoja wa hasi, koneta moja. Ni nadra balbu mbili kuungua siku moja bila sababu.

Kuna dalili moja ya kukariri. Ukikanyaga breki na indiketa ya nyuma ikawaka hafifu, au ukiwasha indiketa na taa ya breki ikacheza nayo, eathi ya taa za nyuma, yaani mahali waya wa hasi unaposhikana na bodi, imekatika au imeoza. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye balbu ya jirani kutafuta bodi. Usibadilishe swichi ya breki.

Utajua umefaulu: una orodha ya vilivyokufa, na unaweza kusema vinachangia nini.

## Hatua ya 2: Thibitisha betri

Zima kila kitu. Kama chombo kimetoka safari sasa hivi, washa taa kubwa dakika mbili kisha uzime, ili kuondoa chaji ya juujuu inayodanganya. Subiri kidogo, pima kwenye nguzo za betri zenyewe, si kwenye tamineli za waya zinazozibana.

Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4, kama robo tatu. 12.2, nusu. 12.0, karibu imekwisha.

Sasa pima wakati mtu anapiga stata. Isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo altaneta haichaji. Juu ya 15 inaichemsha betri.

Kisha rudia kipimo cha stata, lakini ncha zikiwa kwenye tamineli badala ya nguzo. Ukipata tofauti kubwa, kuna uchafu kati ya nguzo na tamineli. Fungua, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, paka grisi. Kila juma kuna gari moja linaloishia hapa.

## Hatua ya 3: Chora njia ya umeme kwenye karatasi

Usifungue hata skrubu moja kabla ya kuchora. Mchoro ni mistari tu: betri, fyuzi, swichi, relei kama ipo, koneta, taa, kisha njia ya kurudi hasi. Weka namba kwa kila mahali unapoweza kufika na ncha ya mita.

Kwenye gari, njia ya kurudi ni bodi. Kwenye boti ya mbao au faiba hakuna bodi, na hapa ndipo fundi mzuri wa magari hupotea. Mbao haipitishi umeme. Kila taa lazima iwe na waya wa hasi unaorudi mpaka kwenye betri, na waya huo una viungio vingi sawa na ule wa chanya. Nimeona boti ambayo waya wa hasi umefungwa kwenye msumari. Msumari haupeleki umeme popote.

Rangi za waya zitakusaidia kama chombo hakijaguswa. Waya wa bluu wenye mstari mweupe kwenye swichi unapaswa kuwa ule ule kwenye taa. Lakini magari yetu yamepita mikono mingi, na mtu akiishiwa bluu huunga kwa kijani. Chukulia rangi kama dokezo, halafu thibitisha kwa mita.

Utajua umefaulu: unaweza kupitisha kidole kwenye karatasi kutoka chanya ya betri mpaka hasi ya betri bila kuruka mahali.

## Hatua ya 4: Fyuzi

Washa swichi ya kitu kilichokufa. Gusa vidoa viwili vya chuma juu ya fyuzi bila kuichomoa, ncha nyeusi ikiwa kwenye hasi ya betri. Vidoa vyote viwili viwe na volti. Kimoja tu kikiwa nazo, fyuzi imekatika. Vyote vikikosa, tatizo liko kabla ya fyuzi. Kuitazama kwa macho hakutoshi, kwa sababu fyuzi hupasuka pembeni mahali pasipoonekana.

Fyuzi za kisu zina rangi zake: nyekundu ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Rudisha rangi ile ile.

Usizungushie fyuzi karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Fyuzi imewekwa iungue kabla ya waya. Ukiizuia isiungue, waya ndio utakaoungua, na waya umepita chini ya kapeti au kando ya dumu la petroli.

Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, ruka mpaka Hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Gawa njia katikati

Anayefuatilia waya inchi kwa inchi kutoka mwanzo anachoka kabla hajafika. Angalia mchoro wako, chagua mahali pa katikati panapofikika kwa urahisi, mara nyingi ni koneta. Pima hapo swichi ikiwa imewashwa.

Umeme ukiwepo, nusu ya kwanza iache kwa sasa. Tatizo liko mbele. Usipokuwepo, liko nyuma. Kisha igawe nusu iliyobaki. Njia yenye vituo kumi na sita inamalizika kwa vipimo vinne.

Relei ikiwa ndiyo katikati, soma namba zilizo chini yake. 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unaoingia kutoka kwenye betri, 87 ni unaotoka kwenda kwenye mzigo. Relei ikilia "tak" lakini 87 haina umeme wakati 30 inao, midomo yake ya ndani imeungua. Isipolia, pima kama 85 na 86 zina volti 12 kati yake kabla ya kuilaumu.

Tumia sindano nyuma ya koneta. Kuchoma ganda la waya ni kualika maji, na hasa kwenye boti, tundu dogo la leo ni waya uliooza mwakani.

## Hatua ya 6: Pima waya ukiwa kazini

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nenda taratibu.

Fikiria kamba ya kufungia boti yenye nyuzi ishirini, kumi na tisa zimekatika. Ukiitundika ukutani inaonekana nzima. Fungia boti, upepo uanze kusukuma, inakatika. Waya uko hivyo hivyo. Uzi mmoja wa shaba ukibaki mzima, mita itasoma volti 12 kamili, kwa sababu mita yenyewe haivuti karibu chochote. Mita ya kawaida ya kidijitali huvuta kama sehemu moja tu ya milioni ya ampea. Taa ya wati 55 inavuta ampea 4.6. Ikidai hizo, volti zinapotelea njiani.

Mlio wa mita nao una udhaifu huo huo. Italia kwa uzi mmoja kama inavyolia kwa ishirini.

Kwa hiyo taa iwe imeunganishwa na imewashwa. Kama imeungua au umeitoa, weka balbu yako ya wati 55 mahali pake. Kisha chukua vipimo vinne na uviandike:

1. Nguzo chanya ya betri mpaka nguzo hasi ya betri. Huu ndio umeme ulionao.
2. Mguu wa chanya wa taa mpaka mguu wa hasi wa taa. Huu ndio uliofika.
3. Nguzo chanya ya betri mpaka mguu wa chanya wa taa. Huu umepotelea upande wa chanya.
4. Mguu wa hasi wa taa mpaka nguzo hasi ya betri. Huu umepotelea njia ya kurudi.

Jumla ya cha pili, cha tatu na cha nne lazima ilingane na cha kwanza. Isipolingana umegusa vibaya, rudia.

Upande wa chanya ukipoteza zaidi ya volti 0.5, kuna kasoro. Upande wa hasi kwenye gari usipoteze zaidi ya 0.2. Kiungio kimoja peke yake, au mguso wa eathi kwenye bodi, kisizidi 0.1.

Nieleze kwa boti moja ya dagaa. Zilikuwa siku za mbalamwezi, ambazo boti za dagaa hupumzika kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi, na ndizo siku tunazoletewa kazi nyingi. Mwenye boti alikuja kwetu Igombe, hapa Mwanza, akiwa amekasirika.

"Shikamoo fundi. Hii betri ni mpya, taa ni mpya, na bado zinacheza kama karabai iliyoishiwa pumzi."

"Marahaba mwanangu. Nani amekupimia?"

"Fundi wa kule juu. Kasema umeme unafika wote, volti 12 na nusu."

Alikuwa amesema kweli, kwa taa zilizozimwa. Tukaziwasha zote. Betri ilisoma 12.2. Kwenye taa, 8.7. Chanya ilipoteza 0.3, sawa tu. Hasi ilipoteza 3.2. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kugusa upande wa chanya hata kidogo.

Tukaacha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine tukaisogeza kando ya waya wa hasi, kiungio hadi kiungio. 3.2, 3.2, 3.1. Baada ya kiungio kilichopita chini ya ubao wa kukalia, 0.1. Volti tatu nzima zilikuwa zimekaa ndani ya kiungio kimoja. Nikakishika, kilikuwa na joto. Tepu ilipofunguka ikamwagika unga wa kijani, na ndani yake nyuzi tatu au nne za shaba zilizosokotwa kwa vidole, nyeusi. Kazi yote ya kuunga haikuzidi robo saa. Betri aliyokuwa ameitupa, kwa namna alivyoieleza, nadhani ilikuwa nzima.

Njia hii hii inapima stata. Mtu apige stata huku ukipima kutoka nguzo hasi mpaka kwenye chuma cha injini. Ikizidi 0.3, waya wa eathi wa injini ni mbovu. Kutoka nguzo chanya mpaka bolti ya stata isizidi 0.5.

Utajua umefaulu: umeweka kidole kwenye kiungio au kipande kimoja, na una namba inayothibitisha.

## Hatua ya 7: Waya uliojificha

Ukijua kipande kibovu lakini hukioni kilikopita, toa hasi ya betri, chomoa waya ncha zote mbili, unga waya wako mrefu upande mmoja na upime mlio upande wa pili. Mtu mwingine autikise waya huku mita ikilia. Mlio ukikatika, mkono wake uko juu ya tatizo. Kumbuka tu kwamba kukosekana kwa mlio kunathibitisha waya uliokatika, lakini mlio hauthibitishi waya mzima.

Kuna vifaa vya kutafuta waya kwa sauti, kimoja kinatuma mlio na kingine kinaunasa. Ni vizuri kwa kapeti na dari. Hakikisha waya hauna umeme kabla ya kukiunga.

Sehemu za kuanzia kutafuta: mpira wa waya kwenye mlango wa nyuma wa Hiace, ambao hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku, bawaba za milango, chini ya sinia la betri, karibu na ekzozi, na kwa bodaboda, shingo ya usukani. Kwenye boti tafuta pale waya unapopita ubao bila mpira, chini ya viti vinavyokanyagwa, na nyuma mashine inapogeukia.

## Hatua ya 8: Shoti, fyuzi inaungua kila ukiweka

Acha kuchoma fyuzi. Chomoa fyuzi, weka balbu yako ya wati 21 mahali pake kwa klipu mbili. Kwa njia kubwa tumia ya wati 55.

Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Balbu hairuhusu zaidi ya ampea kama 2 kupita, kwa hiyo waya hauungui na una muda wa kutafuta. Chomoa kimoja kimoja kilicho kwenye njia hiyo: taa, redio, pampu, honi. Kisha koneta. Balbu ikizimika au kufifia, ulichochomoa sasa hivi ndicho, au waya unaoelekea kwake.

Vyote vikiwa vimechomolewa na balbu bado inawaka, waya wenyewe unagusa bodi. Utikise sehemu kwa sehemu huku ukiangalia balbu.

Kwenye mashine nyingi ndogo za boti kuna shoti ya aina yake. Waya wa kuzimia hufanya kazi kwa kugusa hasi. Ukichubuka na kugusa chuma, mashine haitatoa cheche kabisa, na mtu atanunua plagi na koili bure. Hakikisha kamba ya usalama imechomekwa, kisha uchomoe waya huo. Cheche zikirudi, umelipata. Urudishe ukishautengeneza, mashine isiyozimika ni hatari kuliko isiyowaka.

## Hatua ya 9: Betri inayokufa ikiwa imelala

Zima yote, toa ufunguo, funga milango. Mita iwe kwenye ampea 10, ncha nyekundu kwenye tundu la ampea. Chomoa hasi ya betri, uweke mita kati ya nguzo na tamineli. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, itaungua.

Subiri nusu saa kama gari lina kompyuta, zilale. Kisha isome chini ya ampea 0.05. Ikisoma ampea 1, betri ya N50 yenye ampea-saa 50 itakuwa karibu nusu baada ya siku moja.

Ili kujua ni njia ipi, usichomoe fyuzi kwanza, kwa sababu utaamsha kompyuta. Rudisha hasi bila mita, subiri zilale tena, weka mita kwenye milivolti, gusa vidoa viwili vya kila fyuzi. Inayosoma sifuri haipitishi kitu. Yenye namba ndiyo ya kufuatilia. Kwa uzoefu wangu, redio zilizofungwa baadaye ndizo zinazoongoza.

Kwenye boti, angalia viungio vilivyolowa ngamani. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, lakini chanya na hasi zilizo wazi ndani ya maji hayo zinavuja usiku kucha, na upande wa chanya shaba inaliwa mpaka inakuwa kijani.

## Hatua ya 10: Tengeneza mara moja

Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa pande zote mbili. Shaba nyeusi haiungiki, hata ukaze vipi. Bana kwa tamineli na koleo lake, vuta kwa nguvu ya mkono. Ikichomoka, afadhali imechomoka sasa. Funika kwa mpira wa kubana kwa joto. Tepu peke yake kwenye boti hutunza maji ndani badala ya kuyazuia.

Usitumie waya mgumu wa nyumba wenye uzi mmoja. Mtikisiko wa injini unaukata. Nunua wa nyuzi nyingi.

Unene nao una hesabu. Taa inayovuta ampea 5, mita 10 kutoka kwenye betri, ina mita 20 za waya kwenda na kurudi. Waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza volti 1.2, sehemu ya kumi ya umeme wote. Wa 2.5 utapoteza kama 0.7. Wa 4, kama 0.5. Wa 6, kama 0.3. Kwa taa za kuonekana usiku na pampu ya kutolea maji, mimi nafunga wa 6, na nikimwambia mteja bei nakaa naye mpaka aelewe kwa nini.

Inua viungio vyote juu ya mahali maji yanapofika. Waya unapoingia kwenye taa, uache ushuke kidogo kisha upande, ili maji yadondoke chini badala ya kufuata waya mpaka ndani.

## Hatua ya 11: Jaribu kama safarini

Rudia vipimo vinne vya Hatua ya 6. Andika namba mpya kando ya zile za zamani.

Kisha washa injini na taa zote, uziache nusu saa. Pita ukigusa kila kiungio kwa kidole. Kilicho na joto bado kinakula umeme. Kifungue tena hata kama taa inawaka vizuri. Tikisa waya, piga honi, kanyaga breki. Kwenye boti, mwambie mtu arukeruke juu ya ubao ule ule wanaokanyaga abiria.

Kikipita, andika tarehe, volti za betri na volti zilizofika kwenye taa juu ya kipande cha tepu, ukibandike ndani ya kifuniko cha betri. Piga picha ya mchoro wako, umtumie mwenye chombo kwenye simu yake. Siku taa itakapofifia tena usiku, yeye au fundi mwingine atakayemkuta Nansio au Sengerema ataanza na namba hizo.